Matundu Aliyoyaziba Shemeji

Shemeji yangu anaitwa Kizibo, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, watu wa nyumbani kwa mkewe, kwa sababu hawezi kuona kitu kinavuja akatulia. Siku ya kwanza baba alipomleta nyumbani kunywa chai, akiwa mgeni kabisa kazini, alisikia bomba la jikoni linadondosha matone. Mtu mwingine angejifanya hasikii. Yeye alijikunakuna, akavumilia kidogo, kisha akaomba radhi, akainuka na kwenda kulikaza bomba la watu. Dada yangu alikuwa hukohuko jikoni anakatakata vitunguu, na macho yake yalivyokuwa yanatoka machozi, Kizibo alidhani amemkosea, akaanza kuomba msamaha huku ameshika spana. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Akasema huyu anafaa.

Baba alikuwa fundi wa taa za barabarani, na Kizibo aliwekwa chini yake ajifunze kazi. Mimi nauza chai getini pa karakana yao, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuyaokota njiani. Mengi niliyaona mwenyewe nikiwa na birika mkononi, na yale ambayo sikuyaona nililetewa pamoja na vikombe vichafu.

Kuna jambo moja la kazi yao ambalo lazima nilieleze mapema. Kila nguzo ya taa ina kijimlango chini, na ndani ya kijimlango kuna fyuzi. Fundi hapandi ngazi kabla ya kuichomoa ile fyuzi, kwa sababu ikiwa mahali pake na mtu akawasha umeme wakati wewe uko juu, habari yako imekwisha. Baba alikuwa na sheria yake: anayepanda ndiye anayekaa na fyuzi, mfuko wa shati, kifungo kimefungwa. Hata aliyebaki chini awe mama yako mzazi, humpi. Alifanya kazi na watu wa kila namna, wema na wabaya, wengine mpaka wakazeeka pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika fyuzi ya baba akiwa juu.

Ndipo asubuhi moja mafundi wakaja kwenye meza yangu wakiwa wamejaa habari kama wanawake wa kisimani, wakaniambia, "Wewe, baba yako jana kampa yule Kizibo fyuzi amshikie." Sikuamini. Nilimuuliza baba jioni, akanijibu kwamba mfuko wake ulikuwa umetoboka. Niliukagua mfuko ule wakati wa kufua. Ulikuwa mzima, na kifungo chake kipo. Nilimwambia dada, naye akacheka huku ameuficha uso kwenye shuka alilokuwa anakunja, na baada ya hapo hakuna aliyeshangaa Kizibo alipoleta washenga. Baba alikuwa ameshamkabidhi uhai wake. Binti lilikuwa jambo dogo.

Basi waliishi vizuri. Baba alimwita "mwanangu", Kizibo akamwita "baba", na wakipita mtaani na ngazi yao, mmoja mbele mmoja nyuma, ungedhani ni mtu mmoja mwenye miguu minne. Kilichowaharibia ni maji.

Taa za mitaa yetu ni za zamani. Juu zina kofia ya chuma, chini zina bakuli la plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na katikati, pale kofia na bakuli vinapokutana, kuna mpira wa kuzuia mvua. Mipira hiyo imezeeka, imekauka na kupasukapasuka. Baba alikuwa na desturi ya kutoboa tundu dogo kwenye kitako cha kila bakuli, lenye upana wa kupita njiti ya kiberiti, na kila alipopanda alilizibua kwa waya aliokuwa akitembea nao mfukoni. Alifundishwa hivyo na aliyemtangulia. Hakuwahi kueleza sababu, na kwa kweli hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kizibo yale matundu yalimnyima raha. Yalimkera kama lile bomba la jikoni. Anapanda, anafungua bakuli, anakuta unyevu, anakuta wadudu wamekufa, anaangalia chini anaona tundu. Akili yake ikamwambia mkosaji ndiye huyo. Alimwambia baba mara kadhaa wayazibe, baba akawa anamjibu, "Achana nayo, mwanangu," na kuendelea na kazi yake. Baba si mtu wa maneno. Ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha mkono unavyofanya, na kama hukuelewa hapo, basi tena.

Ukaja msimu wa mvua mbaya, taa zikawa zinakufa ovyo. Watu walilalamika mpaka malalamiko yakamfikia msimamizi wa karakana, mtu wa suruali iliyonyooshwa na hasira za asubuhi. Wakati huohuo kiongozi wa kikosi alikuwa anahama, na kila mmoja alijua nafasi iko wazi. Kizibo aliitaka. Simlaumu kwa kuitaka. Ana watoto, na kichwa anacho. Namlaumu kwa njia aliyopita.

Asubuhi hiyo walikuwa wamesimama uwanjani, kama wanavyosimama kila siku kabla ya kugawiwa kazi, nami niko getini napanga vikombe. Msimamizi akauliza kwa nini taa zinaingia maji. Akauliza tena kwa ukali. Kizibo akatoka mbele.

"Bosi, mimi nitasema ukweli, hata kama utaniuma," alisema. "Maji yanaingilia kwenye matundu ya chini. Mzee ndiye anayeyatoboa. Nimemwambia ayazibe, hataki."

Msimamizi akamgeukia baba. "Ni kweli, mzee?"

"Maji yanaingilia juu," baba alisema. "Chini ndiko yanakotokea."

Mtu mmoja akacheka. Msimamizi naye akatabasamu, lile tabasamu wanalopewa wazee wakianza kupoteza vitu. Hapo Kizibo angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshashinda. Lakini vicheko vya watu vilimpanda kichwani, akaongeza, "Tumwonee huruma jamani. Macho yake hayaoni tena vizuri, ila haya zinamzuia kusema. Ngazini mimi ndiye ninayemalizia kazi yake."

Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa na birika la moto mkononi, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba sikulirusha. Nilimwangalia baba, nikamngojea amjibu. Angegombanaje na mume wa binti yake mbele ya watu, kisha jioni wajukuu waje wamrukie mapajani? Alikunja mikono nyuma, akaangalia viatu vyake. Siku hiyohiyo akapelekwa stoo, agawe glavu na balbu kupitia kidirisha chenye nondo, yeye aliyeishi juu ya ngazi. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu kabla ya kustaafu. Kizibo akawa kiongozi wa kikosi.

Akaanza kuziba. Alipita mtaa kwa mtaa na bomba lake la silikoni, ile gundi ya kuzibia, kila tundu akaliwekea donge jeupe, akalisawazisha kwa kidole kama mpishi anayepamba keki. Mvua zilikuwa zimekwisha, kiangazi kimeingia, na kwa kweli taa zilipendeza. Hazikuwa na mdudu hata mmoja, mabakuli yaling'aa, usiku ukashuka mweupe kwenye vibaraza vyetu. Watu walimsimamisha njiani kumshukuru. Jina la Kizibo, lililokuwa utani wa nyumbani, likawa la sifa, na yeye akaanza kutembea kifua mbele, akiangalia juu kila anapopita ili na wengine waangalie.

Nyumbani kwetu aliendelea kuja, na baba aliendelea kumpokea. Alimpisha kiti kizuri, akamuuliza hali ya watoto na ya kazi. Kitu kimoja tu kilibadilika. Baba aliacha kumwita "mwanangu". Sasa alisema, "Karibu, fundi." "Haya, fundi." "Nisalimie wajukuu, fundi." Kwa mgeni ni neno la heshima. Kizibo kila alipolisikia alishusha macho, akajifanya anatafuta kitu kwenye kikombe. Dada naye aliligundua, akaniuliza, nami nikamweleza yote ya uwanjani, kwa sababu mume wake alikuwa amemletea habari ya cheo tu na kuruka ilikotoka. Hakugomba. Alisema, "Kumbe," akaendelea kupiga pasi shati la mumewe la kazini, na alipolimaliza akalipiga tena.

Kisha mvua zikarudi.

Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Baadaye taa zikaanza kutoa mwanga wa ajabu, wa kijanikijani, na ukitazama vizuri ulikuwa unatikisika. Mchana ndipo tukaona. Mabakuli yalikuwa na maji. Kila mvua iliponyesha, kina kilipanda kidogo, na hakikushuka tena. Wadudu walielea, majani yalielea, viluwiluwi vya mbu vikapanga humo bure. Wahuni wa kijiweni wakawa wanamwita Kizibo wanapomwona, "Fundi, tukitaka kuvua tuje na ndoano au na wavu?" Yeye alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia menoni.

Taa moja iko mbele kabisa ya nyumba ya baba. Baba jioni hukaa kibarazani na chai yake, kwa hiyo lile bakuli lilikuwa likijaa mbele ya macho yake siku hata siku. Kizibo alipokuja kutusalimia, alipewa kiti kinachotazama hukohuko. Wakakaa wawili, wakaliangalia bakuli lililofika nusu, na mdudu mmoja mkubwa anazunguka humo akitafuta pa kutokea. Baba akanywa chai. Kizibo akanywa chai. Baba akasema, "Mvua za safari hii ni nzuri, fundi. Mashamba yatapona." Basi. Uso wake haukusema kitu. Nilimwona shemeji yangu anatokwa jasho huku kuna baridi, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma kidogo, kisha nikajikumbusha yale ya uwanjani, nikaacha.

Kufikia hapo alikuwa ameshajua. Alituambia baadaye kwamba alijua kwenye bakuli la kwanza alilolifungua. Donge lake la silikoni lilikuwa zima, halikupitisha hata tone, na mstari wa kutu ulikuwa unashuka kutoka juu, kwenye mpira uliozeeka, mpaka majini. Taa ikiwaka hupata joto, ikizimwa hupoa na kuvuta hewa, na pamoja na hewa huvuta maji yaliyotuama pale juu. Siku zote yalikuwa yakiingia. Tofauti ni kwamba zamani yalikuwa na pa kutokea, na yeye, kwa mikono yake na kwa maringo, ndiye aliyepaziba.

Sasa mtu aliyejua hivyo alifanya nini? Alificha. Akawa anapanda asubuhi na mapema na ndoo, anafungua bakuli, anamwaga, anafunga. Ukimuuliza anasema wanaosha taa. Mvua ikinyesha tena, zinajaa tena, naye anaosha tena. Kutoboa upya kungetosha kumaliza kazi yote, lakini kutoboa kungeonekana, na kila tundu lingekuwa linasema baba alikuwa sahihi. Kwa hiyo alibeba ndoo. Alikonda. Dada anasema alikuwa akisikia mvua usiku anakaa kitako kitandani, kana kwamba inamnyeshea yeye.

Mwishowe bakuli moja likaanguka. Lilikuwa njia panda, karibu na meza ya muuza mboga, limejaa mpaka kibanio kikashindwa na uzito. Lilishuka mchana kweupe, likaisambaratisha meza, nyanya zikaruka barabarani. Yule mama alikuwa amenyanyuka wakati huohuo kwenda kumgombeza mbuzi aliyekuwa anakula mchicha wake. Angekuwa amekaa, tungezika. Alilia sana, kisha akamsamehe mbuzi.

Kesho yake asubuhi msimamizi alifika uwanjani hana hata salamu. Alikuwa ameushika mpira wa lile bakuli, umekatika vipande.

"Mpira huu umeoza," alisema. "Mipira inatoka stoo. Nani anatoa mipira stoo?"

Watu wote wakageukia kidirisha chenye nondo. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika jozi ya glavu aliyokuwa anampa mtu.

"Mzee," msimamizi alisema, "kama ndiyo mipira unayowapa watu, nitaandika taarifa, na utaondoka hapa kabla ya siku zako. Utaondoka vibaya."

Mpira ule haukutoka stoo. Ulikuwa pale juu tangu mimi nasuka nywele za utotoni, na Kizibo, aliyelifungua na kulifunga lile bakuli, alijua kuliko mtu yeyote pale. Nilimwangalia. Kila aliyekuwa na mashaka alimwangalia. Alifungua mdomo, na nikaona kabisa neno linafika kwenye ulimi. Kisha akaufunga. Baba akamkabidhi yule mtu glavu zake, akasema, "Haya, ufanye kazi kwa uangalifu," akafunga kidirisha.

Sikuuza chai siku ile. Nilibeba birika na vikombe vyangu nikaenda moja kwa moja kwa dada, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni, nikatia na matusi ambayo sitayarudia. Nilitegemea atalia. Dada aliniambia nikae, akanimiminia chai yangu mwenyewe kutoka kwenye birika langu, akasema, "Nilipoolewa, baba aliniambia nimheshimu mume wangu. Nitamheshimu. Lakini leo akirudi atanikuta kwa baba, na atakayetaka chakula atakula huko, akimtazama."

Ndivyo alivyofanya. Kizibo alikuta mlango wake umefungwa, akajua pa kwenda. Alifika kwetu jioni amelowa, maana mvua haikuwa na huruma naye hata kidogo. Dada alimwekea sahani. Hakuigusa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Kizibo hakukaa kwenye kiti alichopishwa. Alipiga magoti pale karibu na mlango, kwenye tandiko la kufutia miguu, akasema yote. Kwamba matundu yalikuwa sahihi. Kwamba alisema uongo kuhusu macho. Kwamba asubuhi ile alijua mpira ni wa zamani, na akanyamaza. Alilia, mtu mzima yule, na sauti ilimtoka vibaya, kama ya mtu anayejifunza kuongea.

Baba akaizima redio.

"Yale ya macho yangu uliyasemea wapi, fundi?"

"Karakana, baba."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na haya ya leo unayasemea wapi?"

Mvua ilikuwa inagonga bati, na nje, kupitia dirishani, bakuli letu lilikuwa linawaka kijanikijani.

"Inuka, tandiko hilo ni chafu," baba alisema. "Kula, chakula kinapoa." Akaiwasha redio tena.

Alikula. Sijawahi kumwona mtu akila chakula kigumu namna ile, na ulikuwa wali mlaini tu. Nilikuwa nimekusudia kumsuta, nilikuwa na maneno yangu tayari nimeyanoa tangu mchana. Nilipoona vile anavyomeza, niliona aibu kwa niaba yake mpaka maneno yakanipotea. Nilikwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Asubuhi yake aliwahi uwanjani kuliko wote. Alipita mbele ya meza yangu, nikamwuliza, "Shemeji, chai?" Akasema, "Baadaye, shemeji, nikimaliza, kama utaniuzia." Msimamizi alipokuja na kuanza kugawa kazi, Kizibo akatoka mbele, mahali palepale aliposimama siku ile. Nilimwona anajikaza.

"Nina la kusema," alisema. "Mipira si ya stoo. Ni ya siku zote. Taa zinajaa maji kwa sababu mimi niliziba matundu ya mzee. Na mzee anaona vizuri. Hajawahi kuniachia kazi ya kumalizia. Nilisema vile ili nipate uongozi. Nilisema uongo juu ya baba mkwe wangu, na jana nilinyamaza ili uongo usijulikane."

Angesema mara hiyo moja tu ingekuwa nafuu. Lakini mafundi wa nyuma hawakusikia, na mmoja akapaza sauti, "Anasemaje?" Ikambidi aseme tena yote, kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia wakasimama getini pangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu waliangalia pembeni, kama unavyofanya ukimfungulia mtu mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Ningependelea wangecheka.

Msimamizi alimvua uongozi palepale, akamwamuru atoboe taa zote alizoziba, moja baada ya nyingine. Kisha akasogea kidirishani, sauti yake imepungua makali, akamwambia baba anaweza kurudi ngazini kuanzia sasa. Baba alifikiri kidogo.

"Siku zangu zimebaki chache, bosi. Ngazi imeshanisahau," alisema. "Lakini za mtaa wangu nitazitoboa mwenyewe."

Kizibo alitoboa mji mzima kabla ya kuufikia mtaa wetu. Watu walimtania, wengine kwa uchungu, na yeye aliinamisha kichwa na kuendelea. Siku ya mtaa wetu ilipofika, mvua ilikuwa imepumzika na jua limetoka. Baba alivaa shati lake la zamani la kazi, lile lenye mfuko wa kifungo, ambalo dada alikuwa amelifua na kulinyoosha. Majirani wakatoka vibarazani. Hawakuambiwa, lakini mambo kama hayo hujulikana.

Walisimamisha ngazi mbele ya nyumba. Baba aliinama, akafungua kijimlango cha nguzo, akachomoa fyuzi. Kizibo, kwa mazoea ya miaka, alinyoosha mkono kuipokea.

Baba aliuangalia ule mkono. Hakuukasirikia wala hakuusukuma. Aliitia fyuzi mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akakipapasa kuhakikisha kimefunga. Kisha akaanza kupanda, polepole, akipumzika kila baada ya vidato kadhaa. Mkono wa Kizibo ulibaki hewani kidogo, haujui urudi kwa njia gani, halafu ukaenda kushika ngazi. Dada alikuwa amesimama pembeni yangu. Aligeuza uso ukutani.

Juu, baba alitoa drili yake ndogo, akaigusisha kwenye lile donge la silikoni. Donge likatoka lote, na maji yakashuka. Yalikuwa ya kahawia, yana wadudu waliooza na majani, na yalimwangukia Kizibo katikati ya utosi. Angeweza kuruka pembeni. Mwili wake ulitaka kuruka, niliuona. Lakini aliyeshika ngazi haiachi. Alifumba macho na mdomo, akabaki amekumbatia ile ngazi, na maji yakamwingia shingoni, yakamtokea kwenye suruali. Majirani waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini maji yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani, hayakwisha upesi, na kabla hayajakwisha vicheko vilikuwa vimeshakwisha.

Baba alishuka. Akamtazama.

"Ungesogea."

"Ngazi ingeyumba, baba."

"Kweli. Ingeyumba." Baba akatoa leso yake, akamwondoa mdudu sikioni. "Imebaki ile ya mbele ya kinyozi. Beba ngazi twende, mwanangu."

Mwanangu! Dada alinibana mkono mpaka kucha zikaniingia. Kizibo alisikia pia, kwa sababu alisimama ghafla kama aliyeitwa na mtu wa mbali, uso ukamkunjamana, akainyakua ngazi upesi ili tusiuone. Tuliwafuata sote mpaka kwa kinyozi, na nina hakika kila mmoja wetu alikuwa anawaza kitu kimoja.

Baba akafungua kijimlango. Akachomoa fyuzi. Natamani ningesema kwamba safari hii alimpa. Niliomba kimoyomoyo ampe, mimi niliyetaka kumrushia birika. Baba aliitia mfukoni mwake, akafunga kifungo.

Ila Kizibo hakuwa amenyoosha mkono. Alikuwa ameshakwenda kushika ngazi, na alisimama upande uleule, chini kabisa ya bakuli.